Mchango Wangu wa Kwanza

Baba yangu alizirudisha karatasi zote mezani kwangu akiwa amezishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Wakati huo nilikuwa nimerudi Garissa kutoka Nairobi, nikitengenezea maduka na mashirika madogo tovuti zao katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Yeye alikuwa bado anafundisha Kurani katika dugsi ya mtaa wetu, chuo cha mabati chenye watoto wengi kuliko mikeka. Mkono wake wa kuume ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakuweza tena kuwaandikia watoto sura fupi ubaoni, ndipo akaniomba nimchapishie.

"Nani amekuambia uandike hivi?" aliniuliza.

Nikatazama. Herufi zilikuwepo, na irabu nyingi zilikuwepo. Lakini palipotakiwa ile alifu ndogo ya juu, inayorefusha sauti, palikuwa na kiduara cha vitone, na alifu imekaa juu ya kiduara hicho, imetengwa na herufi yake. Mahali pengine shada, alama ya kukaza herufi, ilikuwa imerukia herufi ya jirani.

"Sikuandika mimi, aabo. Nilinakili tu. Kompyuta ndiyo imechagua vibaya."

"Kompyuta haina udhu na haijui kusoma. Wewe unajua."

Karatasi yenye maneno ya Mungu haitupwi jalalani, hata ikikosewa. Akanipeleka nyuma ya nyumba tukazichoma zote, moja baada ya nyingine, jua likiwa utosini. Akayafukia majivu chini ya mwarobaini, kandokando ya ua, mahali ambapo hapakanyagwi. Hakunikaripia. Angenikaripia ningesahau mapema.

Nilitumia juma zima kutafuta chanzo. Kompyuta yangu iliendeshwa na mfumo wa bure, ule unaoandikwa na wajitoleaji wa dunia nzima, na ndani ya mfumo huo mna sehemu ndogo ambayo mtumiaji wa kawaida haijui. Waandaaji programu huita sehemu kama hiyo maktaba. Kazi ya maktaba hii ni kuchagua fonti, yaani sura ya herufi. Programu ikitaka kuonyesha maandishi inaiuliza: nataka fonti fulani, nene, ya Kiarabu, unayo? Maktaba inapekua mafaili yote ya fonti yaliyomo kwenye mashine, inayapima, kisha inatoa iliyo karibu zaidi na ombi. Kwa maktaba ile, fonti yoyote yenye herufi za kawaida za Kiarabu ilihesabiwa kuwa inakijua Kiarabu. Alama za msahafu hazikuhesabiwa. Kwa hiyo herufi ilitoka kwenye fonti moja, alama ikaazimwa kwenye nyingine, na hizo mbili haziwezi kukaa pamoja.

Niliwaandikia wenyewe. Msimamizi wa mradi, mwanamume wa nchi ya baridi ambaye sikuwahi kukutana naye uso kwa uso, alinijibu kwa upole. Alisema maktaba hiyo ni ya zamani, imeandikwa kwa lugha ya C, na hakuna anayethubutu kuigusa tena. Walikuwa wanaiandika upya, kutoka msingi, kwa lugha mpya iitwayo Rust. Kama nilikuwa na muda, nilikaribishwa.

Muda nilikuwa nao.

Sababu ya kuiandika upya haikuwa irabu za baba yangu. Ilikuwa usalama. Faili ya fonti inaweza kutoka popote: kwenye tovuti, kwenye waraka uliotumiwa na mtu usiyemjua. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza faili inayodanganya kuhusu urefu wake, na ile maktaba ya zamani ikaiamini, ikasoma kupita mwisho wa faili, ikaingia kwenye kumbukumbu ya mashine isiyoihusu, penye siri za mwenye mashine. Lugha mpya hairuhusu hilo kwa urahisi.

Baba aliniuliza jioni moja, tumekaa nje baada ya Alasiri, chai ya maziwa ya ngamia mbele yetu, kwa nini naamka na kazi hiyo na kulala nayo.

"Lugha hiyo ina nini ambacho nyingine hazina?"

"Kila kipande cha kumbukumbu kina mwenyewe," nikamwambia. "Mwingine anaweza kuazima. Lakini aliyeazima hawezi kuuza wala kuchinja, na mwenyewe hawezi kumwondoa mnyama wake wakati yule bado anamkama."

"Hiyo ni desturi yetu. Ngamia wa maziwa, ndugu akipatwa na ukame."

"Ndiyo. Na ukikosea, kuna programu iitwayo kompaila inayosoma ulichoandika kabla hakijaanza kufanya kazi. Ikiona umeuza ngamia wa watu, inakataa. Haikubembelezi wala haiogopi cheo chako."

Akanywa chai yake taratibu. "Basi ni kadhi. Na haiulizi umetoka wapi?"

"Haiulizi."

"Fanya nayo kazi," alisema.

Nikafanya nayo kazi miaka kadhaa. Baada ya Alfajiri, kabla mabati hayajaanza kulia kwa joto, nilikuwa naandika. Umeme ukikatika niliendelea mpaka betri iishe, kisha nikaandika kichwani, nikiwa nimelala sakafuni kwenye saruji yenye ubaridi. Nilipewa ruhusa ya kuingiza msimbo, yaani maandishi ya programu, mimi mwenyewe, na sehemu ya ulinganishaji, moyo wa maktaba: ni alama ngapi fonti inapata ikiwa jina linafanana, inapoteza ngapi ikiwa ni nyembamba mno, lugha inahesabiwaje. Maktaba ya zamani ilikuwa na mazoea yasiyoandikwa popote, na programu za watu wengi zilitegemea mazoea hayo, hata yale ya kijinga. Ilibidi niyajue yote na kuyafuata, kwa sababu mpya ikichagua fonti tofauti na ya zamani, magazeti yatachapishwa vibaya na hati za mahakama zitahama mistari. Nakumbuka asubuhi ambayo maktaba zote mbili zilitoa majibu yaleyale kwa maombi yote ya majaribio. Nilitoka nje nikamkumbatia mama yangu aliyekuwa anapepeta mchele, naye akaniuliza kama nimeposwa.

Kisha nikaongeza sheria ya alama za msahafu. Msimamizi alisita. "Wangapi wanaihitaji?" aliniandikia. Nilimjibu kwamba kila mahali penye chuo cha Kurani na printa wanaihitaji. Akaikubali. Nilimchapishia baba sura ya kwanza, akaipitia kwa kidole, kila irabu, midomo ikitikisika.

"Sasa inasoma sawa," alisema. Halafu: "Lakini wale watoto wamekwisha kwenda sekondari." Mkono wake ulikuwa umezidi kutetemeka, na dugsi alikuwa ameshamwachia mwalimu mwingine. Aliikunja karatasi akaiweka ndani ya msahafu wake. Hapo ndipo furaha yangu ya kazi ile ilipofika juu kabisa, na sikujua kwamba ni juu.

Mgogoro ulianza na mtu mpya. Alikuwa mwandaaji hodari, ameajiriwa na kampuni kubwa iliyotaka kuitumia maktaba yetu kwenye bidhaa zake, na alikuwa analipwa kufanya tulichofanya sisi bure. Tatizo lake lilikuwa kasi. Maktaba huhifadhi kumbukumbu ya fonti zote kwenye faili moja ili isipekue upya kila mara, na kila inapoifungua faili hiyo inahakikisha kwamba haikuharibiwa. Uhakiki huo niliuandika mimi. Yeye alitaka uondolewe.

Lugha ile ina mlango wa nyuma. Ukiandika neno fulani, unaiambia kompaila: hapa usinikague, nabeba dhamana mwenyewe. Mlango huo upo kwa sababu halali, lakini kuufungua mbele ya faili inayoweza kuguswa na mtu mwingine ni kuvunja boma kwa sababu lango linachelewesha mifugo.

Nililiandika hilo wazi, kwa adabu, na mfano wa faili iliyoharibika. Alinijibu kwamba faili ile inatengenezwa na mashine yenyewe, nani ataiharibu? Nikamjibu. Akanijibu. Hatimaye msimamizi akasema tusibishane kwa maandishi, tutakutana sote kwenye mkutano wa mwaka, katika mji wao, tuzungumze kama binadamu.

Kuomba viza ilibidi niende Nairobi. Kwenye daraja la Tana, kama kawaida, gari lilisimamishwa na sote tukashushwa. Abiria wa kutoka bara walipunga vitambulisho vyao wakipita. Sisi wa jamii za mpakani tulipanga foleni juani. Askari alikigeuza changu mbele na nyuma.

"Unaenda wapi?"

"Ubalozini. Kuna mkutano wa kompyuta."

"Kompyuta," alisema, akimtazama mwenzake. "Kiswahili chako ni kizuri sana."

"Nilisomea hapa Kenya, afande. Nilizaliwa hapa."

"Sijasema hukuzaliwa."

Viza nilinyimwa. Maelezo yao yalikuwa kwamba hawakuridhika nitarudi kwetu. Nilicheka peke yangu kwenye ngazi za ubalozi: nchini mwangu hawaridhiki kwamba ni kwetu, na hao hawaridhiki kwamba nitarudi. Mkutano ulifanyika. Nilipigiwa simu ya video kwa dakika chache, sauti ikikatikakatika, na nilichokiona zaidi ni meza yenye chupa za maji na migongo ya watu. Waliamua kuufungua mlango. Msimamizi aliniandikia baadaye kwamba hoja zangu "zilizingatiwa."

Haukupita muda mrefu, zikaenea habari za mtu asiyejulikana aliyejitolea kwenye mradi mwingine, akajenga imani kwa uvumilivu mwingi, kisha akaficha humo mtego wa kuibia watu. Hofu ikawaingia wajitoleaji wote. Siwalaumu kwa hofu hiyo, nami niliogopa. Msimamizi akanipigia simu mchana mmoja, na safari hii mtandao ulikuwa mzuri, nikauona uso wake vizuri. Alikuwa amechoka.

"Tumeweka utaratibu mpya," alisema. "Kila mwenye ruhusa ya kuingiza msimbo lazima athibitishwe na wenzake wawili waliowahi kukutana naye ana kwa ana."

"Unajua kwamba nilinyimwa viza."

"Najua. Ninasikitika."

"Miaka yote hii umesoma kila mstari nilioandika."

"Yule naye walisoma kila mstari wake. Si jambo la kibinafsi. Ni... mahali ulipo. Watu wanauliza. Kampuni inauliza. Je, karibu na ulipo hakuna mtu yeyote wa jamii yetu, hata mmoja, aliyewahi kukuona?"

Nilitazama dirishani. Mtu wa jamii yao, Garissa! Nikamwambia hakuna. Akasema basi ruhusa yangu itasimamishwa kwa muda, hadi ipatikane njia. Niliweza bado kupendekeza mabadiliko, kama mtu yeyote wa nje.

Hili halikuwa geni kwangu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilipotimiza umri wa kuomba kitambulisho, nilifikishwa mbele ya kamati ya uhakiki, mambo ambayo wasichana niliosoma nao Nairobi hawakuyajua. Wazee na maofisa kwenye viti vya plastiki, mimi nimesimama. Babu yako alinywesha ngamia wapi? Upande wa Bura, Fafi. Chifu wa huko enzi hizo alikuwa nani? Shangazi zako wameolewa na watu gani? Nilikuwa na vyeti vyangu vyote vya shule mkononi, na havikuombwa. Nilirudishwa mara mbili. Wakati huo nilijiambia nikishapata kazi ambayo mtu anapimwa kwa alichofanya, sitasimama tena hivi.

Nilimweleza baba alipotoka msikitini. Alisikiliza hadi mwisho, akiushika mkono unaotetemeka kwa ule mzima.

"Kwa hiyo wanataka watu wawili waliokuona kwa macho."

"Ndiyo, aabo."

"Kumbe hata Wazungu wana kamati ya wazee." Alicheka, kisha kicheko kikakatika akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kwa huruma. "Na yule kadhi wako?"

"Kadhi hakuulizwa."

Toleo la kwanza kamili la maktaba mpya lilitolewa msimu wa mvua ndefu, barabara ya Wajir ikiwa imekatika na mitaa yetu imejaa maji ya rangi ya chai. Tangazo lilimsifu yule hodari wa kampuni kwa kasi, na msimamizi kwa uongozi. Wengine tulishukuriwa kwa pamoja, "na wote waliochangia." Mradi ulikuwa umehamishiwa kwenye makao mapya, chini ya taasisi iliyoundwa na kampuni na washirika wake, na katika kuhama huko historia ya zamani, yaani kumbukumbu ya nani aliandika nini, iliwekwa kando, pamoja na mabishano yetu yote. Mifumo mingi ikaichukua. Hata sasa, yeyote anayefungua kompyuta ya aina ile, herufi anazosoma zinachaguliwa na hesabu nilizoziandika nikiwa nimelala kwenye saruji.

Kasoro ilipatikana mwaka uliofuata. Mtafiti mmoja alionyesha kwamba programu nyingine ndani ya mashine ileile inaweza kuiharibu faili ya kumbukumbu, na maktaba itaifungua bila kuuliza na kusoma pasipo pake. Alipitia palepale penye ule mlango wa nyuma. Alipongezwa sana, na alistahili. Wakaandika makala ndefu kuhusu somo walilojifunza. Nikaisoma yote, hadi maneno madogo ya chini, nikitafuta mahali watakaposema kwamba kuna mtu aliyewaambia. Hapakuwepo. Sidhani walificha. Nadhani hakuna aliyekumbuka, na hilo ni baya zaidi.

Msimamizi aliniandikia mistari michache. Alisema sehemu ile naijua kuliko wengine, na kama ningepata nafasi kuitazama angeshukuru. Nilimuuliza kuhusu ruhusa yangu. Alisema linashughulikiwa.

Siku mbili nilikaa bila kuigusa. Mama alisema nisiiguse kabisa, waache waungue. Lakini nilifikiria mashine zote zile zilizo wazi, za hospitali, za shule, yangu mwenyewe. Nikaurudisha uhakiki wangu. Nilikuwa bado nao, sikuhitaji kuandika upya sehemu kubwa. Nilipata hata namna ya kuuharakisha, hivyo kwamba kasi waliyoipigania haikupotea ila kidogo mno. Nikautuma kupitia lango la watu wa nje.

Mara ile ile likaja jibu, lililoandikwa na mashine ya makao mapya, lenye picha ya keki na vipande vya karatasi za rangi: *Karibu! Asante kwa mchango wako wa kwanza kwenye mradi huu. Tafadhali soma mwongozo wa wanaoanza.*

Niliisoma mara kadhaa. Nikafunga kompyuta, nikaenda jikoni, nikamwambia mama nitasonga ugali mimi. Aliniangalia nikiupiga mwiko.

Walikubali mabadiliko yale. Aliyeyaingiza ni yule hodari wa kampuni, na aliandika chini yake neno moja: *Safi.* Huenda alimaanisha. Sikuandika kwao tena. Miezi baadaye msimamizi alinitaarifu kwamba utaratibu umelegezwa, uthibitisho kwa video unatosha sasa, na akaniuliza kama ningependa kurudishiwa ruhusa. Sikumchukia. Nilianza kumjibu mara nyingi nikafuta. Kila jibu lilikuwa ama refu mno ama la kumshukuru, na sikuwa na shukrani iliyobaki.

Siku hizi nafundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Wanafunzi wangu wengi ni wasichana, na baadhi wametoka mbali. Mmoja wao, mtoto wa wafugaji wa Sangailu, ana akili inayonitisha. Husoma msimbo wa watu kama wenzake wanavyosoma ujumbe wa simu. Muhula uliopita alipata kasoro katika mradi mmoja mkubwa wa wajitoleaji, akaitibu mwenyewe, akaja na kompyuta yake hadi mezani kwangu nikiwa nasahihisha.

"Mwalimu, nitume?"

Niliupitia msimbo wake. Ulikuwa umenyooka, mwepesi, bila neno la ziada. Nikamwambia atume.

"Wanataka nijaze wasifu kwanza," alisema. "Jina, picha na mahali ninapoishi. Picha si lazima. Hapa kwenye mahali niandike nini? Sangailu hawaijui. Niandike Garissa?"

Darasani feni ilikuwa inazunguka na kubisha. Wenzake walikuwa wameinua vichwa, wakingoja nao kujua, kwa sababu swali lilikuwa lao wote. Nilikuwa na mengi ya kuwaambia kuhusu fahari ya mtu kwa kwao, nami huwa nayasema, siku za sherehe wageni wakija.

"Andika Nairobi," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kama aliyetaka kuhakikisha amesikia sawa. Kisha akaandika Nairobi.

Walimjibu siku iliyofuata.